Taa za Kuzama Darini: Zibadilishwe na Fundi Anayejua

Jioni moja nilifika nyumbani kwa mama mdogo, kijijini, Mkoa wa Tanga. Nyumba yake ni nzuri. Wanawe wamemjengea. Ina bati, ina sakafu ya saruji, na sebuleni ina dari ya jipsamu nyeupe. Katika dari hiyo kuna taa sita za kuzama. Huzioni zikining'inia. Unaona mduara mdogo tu, na mwanga unashuka chini.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Usishangae harufu hii. Nadhani panya amefia darini."

Nilivuta pumzi. Haikuwa harufu ya panya. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua.

Nikatazama juu. Taa moja ilikuwa ikitetemeka. Mwanga wake ulipungua, ukarudi, ukapungua tena. Kuizunguka taa ile, dari nyeupe ilikuwa imegeuka rangi. Palikuwa na duara la kahawia, kama alama ya sufuria ya moto iliyowekwa juu ya kitambaa.

Chini ya taa ile palikuwa na mkeka. Juu ya mkeka walilala wajukuu wawili.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu, nikazima umeme wa nyumba nzima. Tukawahamisha watoto. Usiku ule tulitumia taa ndogo ya mwanga wa jua.

MAMA MDOGO ALIKUWA NA TATIZO

Tulipokaa, nilimwuliza mama mdogo, "Nani aliyeitengeneza taa ile?"

Alinyamaza kidogo. Kisha alisema, "Ni mtoto wa kaka yangu. Taa iliungua mwezi uliopita. Yeye anajua mambo ya umeme. Alikuja, akafungua, akaweka nyingine. Hakunidai hata shilingi."

"Basi kesho tumwite fundi mwenye leseni."

"Mwanangu, hilo ni gumu. Nikimwita fundi mwingine, nitakuwa nimemwambia mtoto wa kaka yangu kwamba kazi yake ni mbaya. Kaka yangu atasemaje? Watu watasemaje?"

Ndugu msomaji, tatizo hili si la mama mdogo peke yake. Vijijini kwetu mafundi wengi ni ndugu zetu, majirani zetu, au watoto wa rafiki zetu. Wanatusaidia kwa moyo mwema. Tunaona haya kuwauliza kama wamesomea kazi hiyo. Lakini umeme hauangalii undugu. Humchoma mjinga na mwerevu. Humchoma mgeni na mwenyeji.

Asubuhi mama mdogo alikata shauri. "Mwite fundi," alisema. "Na mtoto wa kaka yangu naye mwite. Waje wote wawili."

Huo ulikuwa uamuzi wa busara.

FUNDI ALIONA NINI DARINI

Fundi alikuwa mtu mzima. Kabla ya jambo lolote alitoa leseni yake, akatuonyesha. Binamu yangu naye alifika.

"Shikamoo, mzee," alisema yule kijana.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefunga taa hii? Vema. Basi leo tutafanya kazi pamoja."

Fundi hakumfokea. Alihakikisha kwamba swichi kuu imezimwa. Kisha akaweka ngazi, akafungua mlango mdogo wa darini, akapanda na tochi. Alikanyaga juu ya mbao, si juu ya jipsamu, kwa sababu jipsamu haiwezi kubeba mtu. Baada ya muda alituita tupande mmoja mmoja, tuone wenyewe.

Tuliona mambo matatu.

La kwanza, nyaya za taa zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Shaba ilikuwa wazi.

La pili, ganda la waya karibu na taa lilikuwa limekauka. Fundi alilikunja kidogo, likavunjika kama ganda la karanga.

La tatu, ndege walikuwa wamejenga kiota juu ya taa. Nyasi kavu ziligusa mgongo wa taa. Baadhi ya nyasi zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Fundi alishuka, akafuta jasho. Alimtazama mama mdogo. "Mama," alisema, "nyasi zile zingeshika moto usiku, nisingekuta nyumba."

Mama mdogo aliwatazama wajukuu wake. Hakusema neno.

KWA NINI TAA HIZI HUPATA JOTO

Taa inayoning'inia hupata hewa pande zote. Joto lake huondoka. Taa ya kuzama ni tofauti. Uso wake uko chumbani, lakini mgongo wake uko darini. Huko juu hakuna upepo wa kutosha. Jua linapopiga bati, darini huwa na joto hata kabla taa haijawashwa.

Taa za mama mdogo zilikuwa za aina ya zamani, iitwayo halojeni. Kila moja ilikuwa ya wati 50. Taa ya halojeni hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na sehemu ndogo tu kuwa mwanga. Kioo chake hupata joto la zaidi ya nyuzi 200 za sentigredi. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Basi fikiri mwenyewe.

Sasa tazama waya. Waya wa kawaida wa nyumbani una ganda la plastiki. Ganda hilo limetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70 tu. Likikaa karibu na joto kubwa kila usiku, hukauka, hupasuka, na kuanguka. Shaba ikibaki wazi, nyaya mbili zikigusana, hutokea shoti. Cheche zikiruka penye nyasi au vumbi, moto huanza.

Tena kuna jambo la muungo mbaya. Nyaya zikiunganishwa kwa kulegea, umeme hupita kwa taabu. Mahali pale panakuwa moto. Panapokuwa moto, muungo hulegea zaidi. Unapolegea zaidi, joto huongezeka. Hivyo ndivyo taa inavyoanza kutetemeka, na hivyo ndivyo harufu inavyoanza.

TAA MPYA HUTUMIA UMEME MDOGO

Fundi alishauri taa zote sita zibadilishwe. Ziwekwe taa za LED. Taa ya LED ya wati 5 hadi 7 inaweza kutoa mwanga unaokaribia ule wa halojeni ya wati 50.

Tufanye hesabu pamoja.

Taa 6 za wati 50 ni wati 300. Zikiwaka saa 4 kila usiku, zinatumia uniti 1.2. Kwa siku 30 ni uniti 36.

Taa 6 za LED za wati 5 ni wati 30. Zikiwaka saa 4 kila usiku, zinatumia uniti 0.12. Kwa siku 30 ni uniti 3.6.

Tofauti ni uniti 32.4 kwa mwezi. Bei ya uniti moja unaijua mwenyewe kila unaponunua umeme wa LUKU. Zidisha, uone.

Lakini angalia: LED nayo ina joto kidogo mgongoni. Usiifunike kwa nguo, godoro kuukuu, wala majani. Ikifunikwa, haidumu.

TAA ZA AINA MBILI, USIZICHANGANYE

Taa za kuzama ziko za aina mbili. Za kwanza hutumia umeme wa nyumbani moja kwa moja, yaani volti 230. Za pili hutumia volti 12. Hizi za volti 12 huwa na transfoma ndogo iliyowekwa darini, ambayo hupunguza nguvu ya umeme.

Utazitambuaje? Soma maandishi yaliyo juu ya globu. Tazama na miguu yake. Globu nyingi za volti 230 zina miguu miwili minene yenye vichwa, na hufungwa kwa kuzungusha. Globu za volti 12 zina miguu miwili myembamba kama sindano, na hufungwa kwa kusukuma. Ukiiunganisha globu ya volti 12 kwenye umeme wa volti 230, inaweza kupasuka.

Watu wengine hudhani kwamba volti 12 haina hatari. Ni kweli haipigi mtu kama volti 230. Lakini inaweza kuleta moto. Globu ya wati 50 kwenye volti 230 hupitisha mkondo wa ampea 0.2 hivi. Globu hiyo hiyo ya wati 50 kwenye volti 12 hupitisha ampea 4 na zaidi. Mkondo ni mkubwa karibu mara ishirini. Muungo uliolegea hapo huwaka kama kaa la moto.

Jambo jingine: transfoma nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya mzigo mkubwa. Ukiweka globu ndogo ya LED, transfoma hiyo inaweza kushindwa kufanya kazi vizuri. Taa itapepesa. Fundi ataiondoa transfoma ya zamani na kuweka kifaa kinachofaa.

JINSI FUNDI ALIVYOFANYA KAZI

Nilikaa nikaandika kila hatua. Nazieleza hapa ili umjue fundi mzuri unapomwona. Sizielezi ili wewe upande ngazi mwenyewe.

1. Alizima umeme wote. Hakutosheka kuzima swichi ya ukutani. Katika nyumba nyingi waya wa moto hufika kwanza darini, ndipo hushuka kwenye swichi. Kwa hiyo ukizima swichi ya ukutani, taa inazimika, lakini darini umeme bado upo. Tena fundi asiyejua anaweza kuwa ameweka swichi kwenye waya usio wa moto. Hapo taa huzimika, na hali waya wa moto bado umefika kwenye taa.

2. Aliuliza, "Je, nyumba hii ina umeme mwingine?" Hili ni swali zuri. Nyumba zetu nyingi sasa zina umeme wa jua, betri, au jenereta. Ukizima umeme wa TANESCO tu, umeme mwingine unaweza kuwa bado umo ndani ya nyaya. Vyote vizimwe.

3. Alifunga mlango wa boksi la swichi kuu, akaweka ufunguo mfukoni. Akabandika karatasi: USIWASHE. FUNDI YUKO KAZINI. Hivyo hata mtoto akirudi kutoka shule na kutaka kuwasha redio, hawezi.

4. Alipima. Kwanza alijaribu kipimo chake mahali penye umeme, ili ajue kwamba kipimo ni kizima. Kisha akapima nyaya za taa. Kisha akarudi kukijaribu kipimo tena mahali pa kwanza. Binamu yangu alishangaa. Yeye hutumia testa ya bisibisi tu. Fundi alimwambia, "Kijana, testa ya bisibisi inaweza kukudanganya. Tumia kipimo chenye nyaya mbili. Na kipimo chenyewe kipime kwanza. Kipimo kibovu husema hakuna umeme, na umeme upo."

5. Aliacha taa zipoe. Kisha alizitoa taratibu. Taa hizi zina springi mbili za pembeni. Springi hizo zina nguvu. Ukiziachia vibaya zinabana vidole.

6. Alichora nyaya kwenye karatasi kabla ya kuzifungua. Waya upi unatoka wapi, na unakwenda wapi. Taa moja hupokea umeme na kuipelekea taa inayofuata. Ukichanganya nyaya, taa zote zinaweza kukataa kuwaka, au unaweza kuleta shoti.

7. Alikagua rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, na wa kurudisha, ambao mafundi huuita nyutro, ni mweusi. Katika nyaya mpya waya wa moto ni wa kahawia, na nyutro ni wa buluu. Waya wa ardhi ni wa kijani na njano. Nyumba nyingine zina rangi za zamani na mpya pamoja. Kwa hiyo fundi haamini rangi peke yake. Anapima.

8. Alikata nyaya zilizoungua mpaka akafika kwenye waya mzima, wenye ganda laini. Pale ambapo waya haukutosha, alivuta waya mpya.

9. Aliunganisha nyaya kwa konekta ya kukaza kwa bisibisi, ndani ya kiboksi chenye kifuniko. Hakusokota kwa mkono. Hakutumia tepu. Aliuvuta kila waya kidogo ili ahakikishe umekaza. Kebo aliibana ili uzito wake usivute muungo.

10. Aliunganisha waya wa ardhi. Taa yenye mwili wa chuma lazima iwe na waya wa ardhi, isipokuwa taa yenye alama ya mraba mmoja ndani ya mraba mwingine. Alama hiyo ina maana kwamba taa imekingwa mara mbili, na haihitaji waya wa ardhi. Hata hivyo, fundi hakuukata waya wa ardhi. Aliufunga ndani ya kiboksi ili uendelee mpaka taa inayofuata.

11. Aliondoa kiota, nyasi, na vumbi. Akaziba matundu ya ndege na panya. Panya hutafuna maganda ya nyaya.

12. Alipima ukubwa wa matundu ya dari kwa futi kabla mama mdogo hajanunua taa. Taa ndogo kwenye tundu kubwa huanguka. Taa kubwa kwenye tundu dogo haiingii. Aliacha nafasi kati ya taa na mbao, kama maelezo yaliyo kwenye boksi la taa yanavyosema.

KABLA YA KUWASHA, ALIPIMA TENA

Binamu yangu alitaka kuwasha. Fundi alimzuia. "Haraka haraka haina baraka," alisema.

Alipima kama waya wa ardhi unafika kila taa. Alipima kama swichi inakata waya wa moto, si nyutro. Alipima uzima wa maganda ya nyaya kwa kipimo cha volti 500. Kipimo hiki kinaonyesha kama umeme unavuja. Jibu lisipungue megaomu 1. Kabla ya kipimo hicho alizitoa taa za LED, kwa sababu volti 500 zinaweza kuziharibu.

Mwisho alikagua boksi la umeme. Njia ya taa ilikuwa na breka ya ampea 20. Fundi alitikisa kichwa. Waya wa taa ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba. Kwa njia ya taa yenye waya huo, breka ya ampea 6 au 10 ndiyo inayotumika. Breka kubwa mno haikati umeme mapema. Waya huungua kwanza. Alibadilisha breka.

Pia aliweka kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Kifaa hiki hukata umeme haraka sana mtu anapopigwa shoti. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Mwenye nyumba akibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisipokata, aite fundi.

Ndipo fundi alipowasha. Taa sita ziliwaka pamoja. Hakuna iliyotetemeka.

SHERIA INASEMAJE

Tanzania Bara ina Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Kazi ya kufunga umeme katika nyumba inatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni. Leseni hutolewa na EWURA. Leseni zina madaraja mbalimbali. Mwulize fundi wako kama daraja lake linaruhusu kazi za nyumba za kuishi. Atakuonyesha bila kukasirika. Ukiwa na shaka, EWURA inaweza kukuambia kama leseni ni ya kweli.

Watu wengine husema, "TANESCO ndiyo yenye umeme, basi TANESCO italinda nyumba yangu." Sivyo. TANESCO inashughulikia umeme mpaka kwenye mita. Nyaya za ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, na usalama wake ni jukumu la mwenye nyumba.

Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu wakati huo umeme umefika katika vijiji vingi. Nyumba nyingi zilizofungwa nyaya miaka ile ya mwanzo sasa nyaya zake zimezeeka. Wenye nyumba wameongeza friji, pasi, na taa. Hawajaongeza ukaguzi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Fundi akimaliza kazi, mwombe karatasi. Iandikwe kazi aliyofanya, vipimo alivyopata, jina lake, namba ya leseni yake, na tarehe. Iweke pamoja na hati za nyumba. Fundi mwingine akija baadaye, atajua aanzie wapi.

UNAPONUNUA TAA

Nunua taa na nyaya zenye alama ya ubora ya TBS. Waya wa bei ya chini sana mara nyingi una shaba nyembamba kuliko inavyoandikwa.

Kwa bafuni, nunua taa inayozuia maji. Tafuta herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza inaeleza kuzuia vumbi. Namba ya pili inaeleza kuzuia maji. Taa ya IP44 huzuia matone yanayorushwa. Taa ya IP65 huzuia hata maji yanayopigwa kwa mpira.

Kwa nyumba ya ghorofa, taa ya kuzama hutoboa dari inayozuia moto usipande juu. Nunua taa zilizotengenezwa kuzuia moto.

Kwa nyumba ya makuti, mwulize fundi kwanza kama taa za kuzama zinafaa. Makuti hushika moto upesi. Mara nyingi taa ya kawaida ya ukutani ni salama zaidi.

Na jihadhari na dari za zamani za asbesto. Usizitoboe wala kuzikata. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya, hata baada ya miaka mingi.

WEWE UFANYE NINI

Kazi moja unaweza kuifanya mwenyewe: kubadilisha globu. Zima swichi kuu. Ngoja globu ipoe. Toa ya zamani, weka mpya ya volti ile ile na wati zisizozidi zilizoandikwa kwenye taa. Zaidi ya hapo, mwite fundi.

Mwite fundi mara moja ukiona dalili hizi:

Harufu ya plastiki inayoungua.
Duara la kahawia kwenye dari.
Taa inayotetemeka, hata baada ya kubadilisha globu.
Swichi yenye joto.
Sauti ya kunguruma au kutatarika darini.
Breka inayokata mara kwa mara.

Breka ikikata, usiifunge kwa kamba. Fyuzi ikikatika, usiweke waya mnene au msumari. Breka na fyuzi ni walinzi wako. Mlinzi akipiga kelele, hufungwi mdomo wake. Mwizi hutafutwa.

Moto ukitokea, watoe watu nje kwanza. Zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia bila hatari. Usimwage maji kwenye moto wa umeme. Piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Usirudi ndani kuchukua mali.

BINAMU YANGU ALISEMAJE

Kazi ilipokwisha tulikula pamoja. Binamu yangu alikuwa kimya. Kisha alisema, "Shangazi, nisamehe. Nilidhani taa ikiwaka, kazi imekwisha."

Mama mdogo alimwekea chakula zaidi. "Ulinisaidia kwa moyo wako, mwanangu. Moyo unao. Sasa tafuta elimu."

Fundi alimweleza kwamba VETA ina vyuo vya ufundi wa umeme. Tena VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunza wakiwa kazini. Akisoma na kufaulu, ataweza kuomba leseni.

"Mikono unayo," fundi alimwambia. "Leo umekaza konekta kumi na mbili, na zote nimezivuta hazikutoka. Njoo kwangu Jumamosi. Tutakwenda pamoja kuuliza habari za chuo."

Usiku ule wajukuu walitandikiwa mkeka pale pale sebuleni. Mama mdogo alinyanyua uso, akazitazama taa zake sita. Kisha akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hakuna harufu," alisema. Akaenda kulala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mama mdogo aliogopa kumwita fundi mwenye leseni? Wewe ungefanya nini?
2. Kwa nini kuzima swichi ya ukutani hakutoshi?
3. Nyumbani kwako, swichi kuu iko wapi? Je, kila mtu mzima wa nyumba anajua kuizima?
4. Tazama dari yako leo usiku. Je, unaona dalili yoyote kati ya zile sita?
5. Hesabu wati za taa zote za nyumba yako. Kwa mwezi zinatumia uniti ngapi?